Nilivyokuwa mwandishi wa pili wa utafiti wa mikorosho ambao sikuufanya

Wakuu, mnaonizidi umri shikamooni. Mnaolingana nami, mambo? Wadogo mtasalimia wenyewe kwenye comments.

Hii siyo chai. Ningekuwa natunga ningejipa nafasi nzuri zaidi, maana humu ndani mimi ndiye mjinga karibu mpaka mwisho. Nimebadilisha majina na vitu viwili vitatu ambavyo vingefanya nijulikane. Kuna watakaonijua hata hivyo. Ukinijua, kaa kimya, tutaonana mnadani.

Mimi ni bwana shamba. Cheo changu kwenye makaratasi ni kirefu kuliko hicho, ila ukifika kata yangu, upande wa Chidya huku Masasi, ukanitafuta kwa cheo hicho utarudi hujaniona.

Nina digrii moja. Ya pili nilikuwa naitafuta kwa udi na uvumba. Sasa ukitaka Masters unahitaji mtu wa kukushika mkono, akuandikie barua, akubali kukusimamia. Mtu wangu alikuwa Dokta.

Dokta ni mhadhiri. Chuo sitaji, msinisumbue PM. Mmakonde wa Newala, mzaliwa wa Kitangari, mtu wa shati lililonyooka hata akiwa shambani. Mimi Mmakua. Tulikuwa tunataniana mpaka watu wanadhani tunagombana. Nilimpenda yule mtu, na hilo niliseme mapema ili msije mkaona namwandika kwa chuki.

Dokta akaja na utafiti wa ubwiriunga. Kwa wa mikoani kwingine: ni ule ugonjwa wa ungaunga mweupe unaoshika maua ya mkorosho. Maua yanakauka, na msimu wako umeishia hapo. Dawa tunayoijua wote ni salfa. Unapuliza, unasubiri, unapuliza tena. Swali la Dokta lilikuwa rahisi: je, mkulima apulize mara ngapi ndiyo inatosha?

Vijiji tisa. Vingine huku chini Masasi, vingine kule juu Newala. Kazi yangu ilikuwa kuingia kila kijiji na dodoso, kukaa na wakulima, kuuliza, kuangalia mikorosho yao, kujaza.

Nilifanya vijiji vitatu. Vya huku chini, Nanganga kikiwemo. Hivyo vitatu nilivifanya kweli, nilikula jua mpaka shingo ikabadilika rangi.

Halafu pikipiki ikaua injini wakati napandisha kwenda Newala.

Hapa ndipo naweza kuwadanganya nikasema njia ya kwenda juu ilikosekana. Magari yapo, yanapanda kila siku. Niliona uvivu. Nikampigia Dokta, nikamwambia pikipiki imekufa, vijiji sita bado. Akajibu, "Usijali, nitamalizia mwenyewe."

Nikamshukuru Mungu, nikalala.

Miezi ikapita. Siku moja email ikaingia, ndani yake andiko limekamilika. Vijiji tisa, majedwali yamejaa mpaka pembeni. Na jina langu, la pili.

Wakuu, nyie mnaochapisha kila mwaka hamtaelewa. Nilisoma jina langu kama mara sita kabla sijasoma kichwa cha utafiti. Nilimtumia mama mkwe screenshot. Hajui Kiingereza, lakini jina la mkwe wake alilitambua, akaituma kwenye group la kanisa.

Baada ya hapo ndipo nikaangalia majedwali. Vile vijiji sita vya juu vimejaa kama kawaida. Nikamuuliza Dokta kiutani, "Dokta, kule juu ulipanda lini?"

Akanitumia katuni za kucheka. Halafu akaandika, "Kijana, unataka Masters au unataka uaskari?"

Nilitaka Masters. Nikanyamaza.

Sasa tusimame kidogo, nieleze kwa wale ambao shule waliiona kwa mbali. Ukiandika utafiti, jarida la kitaaluma halichapishi hivihivi. Linatafuta wataalamu wawili watatu wasiohusika na wewe, wanausoma, wanasema hapa umekosea, hapa thibitisha, hapa umelewa. Hao ndio reviewers. Kazi hiyo wanafanya bure, kwa hiyo wengi wanakwepa. Ndiyo maana majarida mengine yanamwomba mwandishi mwenyewe apendekeze majina ya watu wa kumkagua.

Naam. Mtahiniwa anaulizwa angependa nani amsahihishie mtihani. Mkikaa mkitafakari hilo mtaacha kushangaa mengine yote.

Majibu yakaja. Reviewer wa kwanza alikuwa mkorofi. Aliuliza mbona takwimu za vijiji sita zinafanana hivi, akataka kuona madodoso.

Reviewer wa pili, mashallah! Alimwaga sifa. Kazi adimu. Waandishi wamejitoa kwa hali na mali kuwafikia wakulima walio mbali. Hapo kwenye kujitoa niliona aibu kidogo, maana nilikuwa kitandani. Akashauri andiko lipite bila kubadilishwa hata nukta.

Jarida hili lina utaratibu wa kuonyesha majina ya waliokagua. Huyu wa pili alikuwa Profesa Nachimbenga. Sikumjua. Nikamwombea heri.

Dokta akamjibu yule mkorofi kwa aya mbili za Kiingereza kizito, mhariri akaridhika, andiko likakubaliwa. Likabaki kusubiri zamu ya kuchapishwa.

Dokta alifurahi mno. Akaniambia tusisubiri, msimu wa maua unakaribia, tuitishe mkutano Kitangari tuwape wakulima matokeo. Na matokeo yenyewe ni matamu: puliza salfa mara moja tu, maua yanapoanza, inatosha. Habari alishaanza kuimwaga kwa simu kwa ndugu zake huko, na ilikimbia haraka. Aliyewahi kubeba ile mashine mgongoni, inanguruma, unga wa salfa unamwingia machoni, hahitaji kubembelezwa ili apumzike.

Akanituma nitangulie kuandaa. "Fikia kwa dada yangu mkubwa," akasema. "Mama Salima. Kitangari nzima wanamjua."

Safari hii nilipanda gari. Mnaona kumbe inawezekana.

Nilimkuta Mama Salima uani anamenya muhogo. Mama wa makamo, mwembamba, ana jicho la kukukagua.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Ndiyo wewe Mmakua wa mdogo wangu? Kaa. Maji yale pale, kunywa, ila usimwage."

Nikanywa. Halafu kiherehere kikanipanda. Nilikuwa nimeprint barua ya kukubaliwa pamoja na maoni ya wakaguzi, nimeyaweka kwenye bahasha ya kaki. Nikaanza kumsomea sifa za mdogo wake, nafasiri palepale. Mama akawa anatabasamu huku kisu kinaendelea.

"Na nani huyo anayemsifu hivyo mdogo wangu?"

"Ni msomi mkubwa mama. Profesa Nachimbenga."

Kisu kikasimama juu ya muhogo.

"Nani?"

Nikadhani hakusikia. Nikapaza sauti, "Profesa Na..."

"Shii! Wewe! Watu wanapita barabarani!"

Akaangalia njiani, akaangalia kwangu, halafu akajifunika mdomo kwa khanga na kuanza kucheka. Alicheka mabega yakimtikisika, machozi yakamtoka. Mimi nimekaa na karatasi zangu, sielewi kitu.

Alipotulia akasema kwa sauti ya chini, "Hilo ni jina lake huyohuyo mdogo wangu. La kabla hajaingia jando."

Kwa wasio wa huku: kwetu mtoto wa kiume akitoka jando anatoka na jina jipya. La utotoni linabaki hukohuko. Ukimwita mwanaume mzima jina lake la kabla ya jando umemtukana, umemwambia mbele za watu kwamba bado mtoto. Zamani ulikuwa unalipishwa kuku. Siku hizi unapata kofi, inategemea na mkono wa mtu. Kwa hiyo likishaachwa linakufa. Halipo kwenye cheti cha shule, halipo kwenye kitambulisho, hakuna wa kulitamka.

Mnaona alichofanya Dokta? Alihitaji jina la mkaguzi ambalo kompyuta yoyote duniani hailijui, na wachache wanaolijua wana mwiko wa kulitaja. Akafungua email ya bure, akajipa uprofesa, akalipendekeza kwa jarida. Likaja kwake mwenyewe, akajikagua, akajiona mzuri.

Nimeona udanganyifu mwingi katika maisha yangu ya vocha za pembejeo, lakini huu niliuvulia kofia. Jamaa alifikiria kila kitu isipokuwa Mmakua mwenye kiherehere kumsomea dada yake kwa sauti.

(Edit: kuna mkuu hapo chini ananiuliza mbona nalaumu jina bandia wakati na mimi humu natumia ID bandia. Mkuu, mimi sijajipa likes mwenyewe kwa ID ya pili. Tuendelee.)

Nilianza kucheka na mimi. Mama Salima alikuwa ameshaacha.

"Humo kwenye karatasi, Kitangari ipo?"

"Ipo mama."

"Wanasemaje?"

Nikafungua jedwali kwenye simu. Nikamsomea. Wakulima wa Kitangari walihojiwa, idadi hii. Kwenye yale maswali ya hali ya nyumbani, muda wa kwenda kuchota maji, dakika tano.

Akageuka akaitazama ndoo. Mimi nilikuwa nimeshakunywa vikombe viwili.

"Dakika tano."

"Imeandikwa hivyo mama."

"Hayo uliyokunywa nimeamka alfajiri kuyafuata. Nani alikuja kuniuliza?"

Nikaangalia miguu yangu.

"Na salfa je, mnasema mara moja?"

"Ndiyo, mara moja. Maua yakianza."

Hapo sura yake ikabadilika kabisa. Akaniambia jirani yake pale, Baba Juma, alishaisikia hiyo habari ya mara moja. Mashine yake ya kupulizia ameshampa shemeji yake aende nayo kijiji cha pili, kwamba yeye atakodi ya mtu siku moja tu, basi. Na siyo yeye peke yake.

"Maua yakikauka, Baba Juma na watoto wake wale nini? Wale hilo jina?"

Akaendelea kumenya muhogo. Hakuniaga nilipoondoka, wakuu, na kwa mama wa huku hilo ni jambo kubwa.

Nilikaa siku mbili najifanya nina kazi nyingi. Nilifagia ofisi. Nilipanga mafaili ambayo hayajawahi kupangwa tangu ofisi ijengwe. Ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa. Upande huu Masters, barua ya Dokta ipo njiani. Upande ule mikorosho ya watu ambao jina langu linasema niliongea nao.

Nikampigia Dokta. Nikamwambia tufute mkutano, na lile andiko tuliondoe.

"Acha utoto," akasema. "Kila mtu anafanya. Halafu wakulima wenyewe hawasomi majarida."

"Lakini Dokta, si wewe umesema tuwaitie mkutano tuwaambie?"

Akakata simu.

Hasira zikanipanda. Nikamwandikia mhariri wa jarida email ndefu, kurasa mbili nzima, kwamba reviewer wenu wa pili na mwandishi wa kwanza ni mtu mmoja. Nikaeleza jando ni nini. Nikalitaja lile jina kwa herufi zote. Nilijiona shujaa, niliibonyeza kwa kishindo.

Mhariri akajibu kistaarabu sana. Wanachukulia tuhuma hizi kwa uzito mkubwa. Je, naweza kuwasilisha hati rasmi inayoonyesha kwamba majina hayo mawili ni ya mtu mmoja?

Hati rasmi ya jina la kabla ya jando! Nikamtafute ngariba anigongee muhuri? Shahidi pekee ni dada mtu, na kumwomba mama yule aandike jina hilo na kuliwekea sahihi dhidi ya mdogo wake, hapana. Hilo sikuweza hata kulifikiria mara mbili.

Nikakwama. Siku ya mkutano inasogea.

Nikaisoma tena ile email ya mhariri. Chini kabisa kulikuwa na mstari mmoja ambao mara ya kwanza niliuruka. Aliuliza: wewe kama mwandishi wa pili, unathibitisha kwamba data ni sahihi?

Nikarudi kwenye email yangu. Kurasa mbili, zote Dokta, Dokta, Dokta. Mimi mwenyewe sikuwemo humo hata kwa bahati mbaya.

Wakati wa kuwasilisha andiko, kila mwandishi anatumiwa fomu ya kuthibitisha mchango wake. Ya kwangu iliandikwa kwamba nilikusanya data katika vijiji vyote tisa. Niliithibitisha. Nakumbuka kabisa nilikuwa kwenye harusi, nasubiri pilau, nikabonyeza kwa kidole gumba huku naangalia sufuria linatokea mlango gani.

Kwa hiyo ushahidi ulikuwepo muda wote. Ulikuwa ni mimi. Wala sikuhitaji jina la mtu.

Nikaandika email ya pili. Mistari minne. Nilikwenda vijiji vitatu. Sita sikwenda, na hakuna dodoso la huko. Nilithibitisha uongo nikijua ni uongo. Naomba andiko liondolewe.

Hii ya pili sikuibonyeza kwa kishindo. Niliizunguka kuanzia asubuhi mpaka mchana. Nilijua Masters imeota mbawa, na nilijua barua inaweza kumfikia mwajiri. Mwishowe nikafumba macho nikatuma.

Andiko likaondolewa kabla ya kuchapishwa. Mimi na Dokta wote tumefungiwa kupeleka kazi kwenye jarida lile. Mama mkwe bado hajaambiwa.

Dokta alinipigia kesho yake. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, nimejiandaa kwa vijiji sita, nimejiandaa kwa barua ya Masters. Hakugusa hata kimoja.

Akauliza tu, "Lile jina, uliliandika?"

"Ndiyo Dokta. Kwenye email ya kwanza."

Nilisikia anapumua.

"Kwa watu wa nje," akasema. "Umeniandika kwa watu wa nje mimi ni mtoto."

Akakata. Mpaka leo hatujaongea.

Wakuu, iliniuma. Mtacheka, lakini iliniuma. Udanganyifu wake wa data simwonei huruma, ila lile jina nilikuwa sina haja nalo. Mistari yangu minne ingetosha. Nililitaja kwa sababu nilikuwa na hasira, na kwa sababu ilikuwa rahisi kumtaja yeye kuliko kujitaja mimi. Nilimtumia ujumbe wa kumwomba radhi kwa hilo moja tu. Umesomwa, haujajibiwa.

Mkutano ulikuwa umeshatangazwa. Ningeweza kuukimbia, na niliwaza kuukimbia. Nikapanda Kitangari.

Watu walikuwa wamejaa kwenye ghala la ushirika, wengine wamekaa juu ya magunia matupu. Nikasimama. Nikasema pulizeni salfa kama mlivyozoea, ile habari ya mara moja haina utafiti nyuma yake, ifuteni.

Baba Juma akanyoosha mkono. "Bwana shamba, mbona tuliambiwa utafiti umefanyika hapahapa Kitangari?"

"Haukufanyika."

"Nani aliyetakiwa kuufanya?"

"Mimi. Sikuja."

Nikasikia mtu anasonya, ule msonyo mrefu wa kina mama. Mwingine nyuma akasema kwa sauti, "Na posho je, ulikula?" Watu wakaangua kicheko. Nilicheka na mimi ili nisilie.

Ndipo Mama Salima akasimama. Ghala likatulia, maana wote wanajua ni dada wa Dokta.

"Kwa hiyo kwenye makaratasi yenu mimi niliulizwa, nikajibu."

"Ndiyo mama."

"Na hukuniuliza."

"Sikukuuliza mama."

Akalivuta gunia lake, akaja nalo mpaka mbele, akakaa futi mbili kutoka miguuni kwangu. Akanyoosha miguu, akajitengeneza khanga.

"Basi niulize."

Sikuwa na dodoso. Sikuwa hata na kalamu. Katibu wa chama akanipa daftari la shule na kalamu isiyo na kifuniko. Nikakaa chini. Kabla sijamalizia nawapeni somo, maana humu mnapenda somo: msikubali jina lenu liwekwe juu ya kazi ambayo hamwezi kusimama nayo mbele ya yule mliyeandika kwamba mlimuuliza. Fomu ile siyo ya kubonyeza unasubiri pilau. Na ukikosea, anza kujitaja wewe.

Karibuni mchangie. Walimu wa vyuo, wahariri, wanaokagua maandiko ya wenzao kwa haki bila malipo, na nyie mlioingizwa majina kwenye kazi msizozijua mkakaa kimya. Matusi nayapokea pia, ila anzeni na salamu.

Nilimuuliza Mama Salima msimu uliopita alipuliza mara ngapi.

"Tano," akasema. "Andika tano. Sasa nikueleze kila moja kwa nini, na uandike yote."

Nikaandika yote. Nilipoinua kichwa kumwita Baba Juma, nafasi yake ilikuwa tupu. Wakaniambia ameshaondoka, amekwenda kwa shemeji yake kuichukua mashine yake.